Kufika Bila Kilio: Juu ya Safari ya Kila Mwaka ya Jamaa na Marafiki

Mara nyingi tukiandika juu ya desturi tunaandika juu ya mahari, juu ya majina ya watoto, juu ya mazishi. Hayo ni mambo makubwa na yanafaa kuandikwa. Lakini kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliiti desturi, labda kwa sababu lina kicheko ndani yake: ile safari ambayo jamaa pamoja na marafiki wanafanya kila mwaka, tarehe ile ile, fasi ile ile, kwa kwenda kukaa pamoja na kufurahi tu.

Swali letu ni hili: je, ni haki mtu atumie pesa yake na siku zake kwa safari ya furaha, katika nchi yenye shida kama yetu? Tumesikia swali hili katika kanisa, katika chumba cha walimu, hata mezani kwetu. Halijibiwi kwa neno moja. Tutaeleza kwanza safari yetu ilivyoanza na inavyofanyika, kisha tutapima lawama moja moja, pamoja na ile iliyotupata sisi wenyewe.

1. Namna safari ilivyoanza

Jamaa nyingi za Mangina asili yake si Mangina. Wazee wetu walishuka kutoka milimani, upande wa Kyondo, wa Masereka, wa Lubero, kwa sababu kule juu mashamba yaligawanywa kwa watoto na kwa wajukuu mpaka yakabaki vipande vidogo. Huku chini, kwenye mlango wa msitu wa Ituri, udongo ulikuwa mwingi. Baba yetu alishuka akiwa kijana asiye na bibi. Wadogo zake wawili wakamfuata. Wakakata msitu, wakapanda mpunga na kahawa, wakaoa, wakazaa. Kakao ilikuja nyuma.

Kutoka Mangina hadi Beni ni kilomita kama 30. Kutoka Beni hadi Butembo ni zaidi ya 50, kisha kuna kupanda mpaka Kyondo. Mwenye pikipiki leo atasema si mbali. Lakini miaka ile, mvua ikinyesha, lori ililala njiani siku mbili au tatu. Kwa hiyo baba alipanda mlima pale tu palipokuwa na sababu, na sababu ilikuwa moja: kilio. Akifa mzee, anapanda. Akifa shangazi, anapanda. Kati ya kilio na kilio, miaka ilipita.

Mwaka 1986 baba alipata nafasi katika lori ya mchuuzi wa kahawa. Hakuna mtu aliyekuwa amekufa. Alitushika mkono, sisi tukiwa na miaka sita, tukapanda pamoja naye. Tulipofika Kyondo, mukaka wetu alikuwa ameketi mbele ya nyumba anapepeta maharagi. Alimuona mtoto wake anatoka kwenye njia na mfuko begani. Ungo ukamtoka mikononi, maharagi yakamwagika, akaweka mikono juu ya kichwa akaanza kulia. Maneno yake yalikuwa ya Kinande, tunayaandika hapa kwa Kiswahili:

– Nani amekufa? Uniambie sasa. Nani amekufa?

– Hakuna mutu amekufa, mama. Tumekuya kukuona tu.

– Kuniona tu? Bure?

– Bure, mama.

Hakusadiki. Alianza kumuuliza jina kwa jina, kama mwalimu anayeita watoto asubuhi. Wasomaji wanajua kwamba kwetu jina linaonyesha nafasi ya mtoto katika kuzaliwa: Paluku wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, na Masika ndiye binti wa kwanza. Basi mukaka akapita orodha yote ya wajukuu wa Mangina, nyumba kwa nyumba, na kwa kila jina baba akajibu: iko. Alipofika mwisho ndipo akainama kuokota maharagi yake, na sisi tukainama kumsaidia.

Usiku ule baba hakulala vizuri. Tuliporudi Mangina aliwaita wadogo zake, akawaambia neno ambalo jamaa yetu inalirudilia mpaka leo: «Tumemufundisha mama yetu kuogopa sura zetu.» Wakapatana kwamba kila mwaka, kati ya Noeli na Bonane, watapanda wote wanaoweza, na watapanda bila kilio.

2. Namna inavyofanyika

Hatuendi mikono mitupu. Watu wa chini wanapeleka vitu vya chini: mafuta ya mawese, mchele, ndizi za kupika. Watu wa juu wanatupatia vya juu: maharagi, viazi, kabichi, puaro. Mtu akihesabu kwa bei ya soko ataona kwamba tunabadilishana vitu vya thamani karibu sawa, na atauliza faida iko wapi. Lakini mafuta yaliyoletwa na mtoto wa ndugu yako hayafanani na mafuta ya dukani. Kila mara ukipika katika mwezi wa kwanza, unamkumbuka.

Siku ya kwanza ni ya salamu na ya kuonyesha watoto waliozaliwa ndani ya mwaka. Siku ya pili wanaume wanatengeneza vitu vya wazee vilivyoharibika: bati la nyumba, mlango, ukuta wa choo. Jioni tunakaa kwenye moto. Zamani kila mji wa Kinande ulikuwa na kyaghanda, ile nyumba ya mazungumzo ambapo wazee walikaa jioni kuamua maneno ya jamaa, na vijana walikaa pembeni wakijifunza kwa kusikia. Kyaghanda ya babu yetu ilianguka zamani, haikujengwa tena. Tunakaa nje penye mti, juu ya viti vilivyoazimwa kwa majirani. Lakini kazi inayofanyika pale ni ileile. Kijana anayetaka kuoa anasema pale. Wawili waliogombana juu ya mupaka wa shamba wanasikilizwa pale, na kasiksi haipiti mpaka wameshikana mikono.

Siku ya tatu ni mchezo. Watu wa chini wanacheza mpira na watu wa juu, na kila mwaka sisi wa chini tunapigwa, kwa sababu mapafu yetu hayajazoea mlima. Wazee wanacheza karata na kugombana kama watoto. Akina mama wanaimba. Na miaka ambayo njia ni salama, wenye nguvu wanashuka siku moja mpaka kwenye ziwa Edouard, Kyavinyonge, kula samaki mbichi kwa wavuvi.

Karibu na hapo ndipo Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka ziwani. Sisi, kwa sababu ya kazi yetu, hatuwezi kupita pale bila kufundisha. Tunawaambia watoto kwamba mwaka 1950 Mubeleji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimbua pale mfupa mdogo wenye alama nyingi zilizokatwa kwa vikundi. Wataalamu wanakadiria kwamba una miaka kama 20.000, na leo unalindwa Brussels. Wengi wanafikiri alama zile ni hesabu. Wengine wanasema ni hesabu ya siku za mwezi. Mara moja mtoto aliuliza: «Balikuwa banahesabu nini?» Tukatafuta jibu la kitabu. Baba yetu mdogo, aliyekuwa anatoa miba ya samaki, akatangulia kujibu: «Labda siku za kungoya bageni.» Watu wakacheka. Lakini hata sisi hatujapata jibu linalopita lile.

3. Barua ya mwanafunzi wetu

Mwanafunzi wetu wa zamani, anayeishi sasa Ulaya, alituandikia kwamba wenzake wa kazi wanafanya safari kila mwaka kwa kucheza golf. Wanakwenda na marafiki, wengine na bibi na watoto, wanalipa hoteli, wanacheza siku tatu au ine, wanarudi. Wasiojua mchezo huu tuwaeleze kidogo: ni kupiga mpira mdogo mgumu kwa fimbo, katika uwanja mkubwa wa majani, mpaka uingie katika tundu, na matundu ni 18. Ulizaliwa Scotland. Hata Kinshasa, katika Gombe, uwanja wake upo. Kijana wetu aliona ni upotevu. Akauliza: «Mwalimu, watu wakubwa, wenye akili, wanaruka na ndege kwa kufuata kampira?»

Tulimjibu kwamba na sisi tunapanda mlima siku nzima kwa kwenda kupigwa mpira na watu wa Kyondo. Mtu wa inje akituangalia, atasema maneno yale yale. Tukamuomba awaulize wenzake jambo moja: tangu waanze kusafiri, nani ameacha kuja, na kwa nini? Alituandikia tena nyuma ya mwezi. Mmoja alikuwa amekufa, na wenzake bado wanaita tundu moja la uwanja kwa jina lake. Mwingine alipoteza kazi, akasema mgongo unamuuma. Lakini haukuwa mgongo. Hakuwa na pesa ya hoteli.

Tulisoma barua ile mara mbili, kwa sababu jambo kama lile lilikuwa limetokea katika jamaa yetu. Tutalisema mbele kidogo.

4. Lawama ya kwanza: pesa

Wa kwanza kutulaumu wanasema: pesa ya safari ingelipa masomo ya mtoto, ingenunua dawa. Hiyo ni lawama ya kweli na hatuwezi kuikimbia. Sisi walimu tunajua mshahara wetu, tunajua pia watoto wanaorudishwa nyumbani kwa sababu hawajalipa.

Jibu la kwanza ni la kawaida: asiyeweza kulisha watoto wake asisafiri. Furaha inayoacha chungu kitupu nyumbani ni ubinafsi. Jibu la pili tumeliona kwa macho yetu. Katika mazungumzo ya jioni, kule juu, tunajua shida ambazo simu haisemi. Kwa simu kila mtu ni mzima, watoto wote wanasoma. Ukikaa siku tano katika nyumba ya ndugu, unaona godoro lililoisha, unamsikia mtoto anakohoa usiku, unaona msichana wa miaka kumi na mbili anayebaki nyumbani wakati wengine wanasimulia shule. Watoto watatu wa jamaa yetu wamelipiwa masomo kwa sababu ya kuonekana hivyo. Bila safari, ile pesa ya safari isingekwenda kwa watoto hao. Hatukuwa hata tunajua majina yao.

Hata hivyo tusidanganye. Hatusafiri ili tupate faida hiyo. Tukisema tunakwenda kwa kazi ya kusaidia tu, wazee wetu watajiona wagonjwa wanaotembelewa. Mukaka aliuliza «bure?», na neno lililomtuliza lilikuwa lile lile: bure. Aristotle, mwalimu wa Wagiriki wa zamani, alifundisha kwamba urafiki ni wa namna tatu: wa faida, wa anasa, na ule wa kumpenda mtu kwa uzuri wake mwenyewe, na huu wa tatu unadai muda wa kuishi pamoja. Kwa maneno yetu: mtu hajui kwamba unampenda kama kila mara unakuja na sababu.

5. Lawama ya pili: marafiki wanatafuta nini katika jamaa?

Wengine, hasa wazee, waliuliza: safari ni ya damu, rafiki anaingia namna gani? Tuna mwenzetu wa kazi, Mbila wa upande wa Mambasa, ambaye tumefundisha naye shule moja miaka mingi. Mwaka wa kwanza alipopanda pamoja nasi, jioni hakujua akae wapi. Baba mkubwa wa Kyondo alimuuliza: «Wewe kwenu ulizaliwa mutoto mwanaume wa ngapi?» Akajibu: wa pili. «Basi wewe ni Kambale. Ikala na Bakambale wenzako.» Kwa hiyo akaketi kati ya watu wanne wenye jina lile, na mpaka leo kule mlimani hakuna anayemwita kwa jina lingine.

Katika nchi yetu ambamo watu wanahesabiana kwa kabila kabla hawajasalimiana, jambo hilo lina uzito. Biblia yenyewe inasema jirani aliye karibu ni bora kuliko ndugu aliye mbali. Siku bibi yetu alipougua usiku, aliyekuja na pikipiki alikuwa Kambale yule wa Mambasa, na ndugu wa damu walikuwa mlimani, mbali. Desturi ya kumpa mgeni nafasi katika orodha ya watoto si ya kuonyesha ukarimu tu. Orodha inabeba na deni. Kambale akipata kilio kwao, sisi tunakwenda, na tumekwisha kwenda.

6. Kosa letu

Sasa tufike kwenye jambo tulilolitaja. Mwaka 2009 tuliona safari imekuwa kubwa, vijana wakashauri tuwe na utaratibu: kila nyumba itoe dola 20, mmoja achaguliwe mwenye kutunza pesa, na siku ya kuondoka asome orodha mbele ya wote. Sisi wenyewe ndio tuliandika ile karatasi. Tuliiandika vizuri, kwa mistari, kama karatasi ya pointi za wanafunzi.

Ndugu yetu mmoja, mtoto wa baba mdogo, alikuwa na shamba dogo na watoto saba. Mwaka 2010 hakuja, akasema ana malaria. Mwaka 2011 akasema mbuzi wake anazaa. Mwaka 2012 hakusema kitu. Tulimcheka kidogo kule juu, tukasema amekuwa mtu wa kupenda shamba kuliko watu. Mwanzo wa 2013 bibi yake alimwambia bibi yetu sokoni: «Shemeji yako anaikalaka nyuma ya nyumba siku munapita. Anaangalia gari mupaka inapotea.»

Tunakiri kwamba usiku huo tuliona haya. Tulikuwa tumechukua safari iliyoanzishwa ili mtu asiogope sura zetu, tukaifanya mlango ambao ndugu anaogopa kuupita. Na hatukumfukuza kwa ubaya. Tulimfukuza kwa utaratibu. Hapa tunaona hatari ya kila furaha ya pamoja, iwe ya golf, iwe ya mlimani: inajua kuhesabu waliokuja, haijui kuhesabu waliobaki nyuma ya nyumba.

Tulimwendea, sisi na baba. Hatukutaja pesa. Baba alimwambia tu: «Mwaka huu mukaka yako amekuuliza mara tatu.» Ile ilikuwa kweli. Karatasi tuliichana. Tangu wakati huo kila mtu analeta kile shamba lake limetoa, na mwenye dola anampatia mtunzaji pembeni, na mtunzaji hasomi jina la mtu. Desemba 2013 ndugu yetu alipanda gari na mkungu wa ndizi mkubwa kuliko watoto wake. Akauweka miguuni pa mukaka, aliyekuwa haoni tena vizuri. Mukaka akaupapasa kutoka juu mpaka chini, akasema: «Wasingya.» Alikufa mwaka uliofuata, na kilio chake tulikwenda wote.

7. Lawama ya tatu: kufurahi wakati watu wanakufa

Lawama hii ndiyo nzito kuliko zote. Wasomaji wanajua miaka yetu. Tangu Oktoba 2014 watu wameuawa kwa mapanga na bunduki katika eneo la Beni, vijijini na mashambani. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza ugonjwa wa Ebola, na mahali pa kwanza kutajwa palikuwa hapa kwetu, Mangina. Ulipokwisha tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 3.470, na waliokufa 2.287. Katika miaka ya namna hiyo, nani ana haki ya kucheka?

Desemba 2018 wa juu walitupigia simu: musikuye. Jina la Mangina lilikuwa limekuwa jina la ugonjwa. Vijana wetu walikasirika, wakasema wanatukataa. Baba akawaambia kwamba anayekuzuia kuja leo ili uweze kuja mwaka mwingine hajakukataa. Mwaka 2019 ugonjwa ulikuwa umepiga Butembo na Katwa pia, ikawa zamu yetu kuwahurumia. Hatukusafiri, wala hatukuona aibu. Desturi inayodai watu wafe kwa ajili yake imesahau kwa nini ilianzishwa. Tunalisema wazi kwa ajili ya wale wanaopita njia mbaya kwa kiburi, ili waseme hawajawahi kukosa mwaka.

Tuliona pia kitu kingine. Katika miaka ile hata kilio kilikatazwa: maiti ilizikwa na watu waliovaa kofia na miwani, jamaa ilisimama mbali, hakuna aliyemgusa aliyefiwa. Ndipo tukajua kwamba mtu aliyekuwa amekula nasi mlimani miaka mingi tuliweza kumfariji hata kwa kusimama ng'ambo ya barabara na kuita jina lake. Aliyetujua kwa mazishi tu, hatukuwa na kitu kingine naye. Siku zile za kicheko zilikuwa akiba, na katika njaa tulikula akiba.

Mwaka 2021 yule ndugu yetu wa mkungu wa ndizi aliuawa katika shamba lake la kakao. Hatuna maneno mengi. Alikuwa amekwenda kuvuna na hakurudi. Walipanda kutoka Beni, walishuka kutoka Kyondo waliothubutu njia, na katika kilio kila mtu alikuwa na neno lake: namna alivyokuwa anaanguka katika mpira, namna alivyokuwa anaiba karata. Watoto wake wakubwa walikuwa wanasikia. Sisi tulikuwa tunahesabu ndani ya roho: 2010, 2011, 2012. Ile miaka mitatu tuliyomkosesha kwa ajili ya dola 20, hakuna njia ya kumrudishia.

Mwaka ule hakuna aliyesema neno la safari. Mwaka 2022, njia ilipoonekana ina utulivu kidogo, wengi tulisema tusiende tena, ni dharau kwa marehemu. Mjane wake alikuwa anamenya mihogo, akasikia. Akasema: «Muende. Na mimi nitaenda, na batoto. Kama tunapanda tu siku ya kilio, hawa batoto batajua milima ni fasi ya kulilia baba yao.» Alikuwa hajawahi kukutana na mukaka wetu wa 1986, wala hajui sana habari ya ungo. Lakini alisema neno lile lile.

Tulipanda wachache, katika gari moja. Jioni ya kwanza tulilia, na hakuna aliyetuzuia. Siku ya tatu watoto walicheza mpira na watu wa juu, tukapigwa tena. Mtoto wake wa kwanza alianguka mbele ya goli namna ile ile ya baba yake, na mama yake akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Hatukujua anajifuta machozi gani. Nani angethubutu kumwambia kwamba kicheko kile ni dharau?

8. Kumaliza

Tujibu basi swali letu. Safari ya furaha ina haki, kwa masharti tunayoyajua sasa kwa kulipa: isiache chungu kitupu nyumbani, isipite njia ya kifo kwa kiburi, isifunge mlango kwa aliye maskini, na itoke nafasi kwa rafiki asiye wa damu. Ikishika masharti hayo, si anasa. Ni deni kati ya watu wanaopendana, na deni hilo hulipwa wakati wote wapo, kwa sababu siku ya kilio mwenye kulipwa hapokei tena.

Hatusemi kila jamaa ipande Kyondo. Wengine wana mto, wengine wana siku ya ubatizo, wengine wana jumapili moja katika mwezi. Tangu 2024 jamaa nyingi za kusini mwa Lubero zimekimbia vijiji vyao, hazina hata mahali pa kupanda. Hao tunawakaribisha kwenye moto wetu, na kama wanajua walizaliwa wa ngapi, viti vipo.

Tunakuomba tu, msomaji, ufanye hesabu ndogo, kama yule wa Ishango na mfupa wake. Kata alama moja kwa kila mara ulipofika kwa wazee wako mwaka huu. Kisha angalia ni mara ngapi ulifika bila kilio, bila deni, bila ombi. Kama hakuna hata alama moja, usingoje Noeli. Na ukifika, ukiona wameshituka, usiwakasirikie. Waambie wote nyumbani ni wazima, taja majina moja moja mpaka mwisho, kisha uiname usaidie kuokota maharagi.